Karatasi Kumi na Moja Zilizopeperuka

Saa tatu kasorobo asubuhi, Shiomi Kanae anavua saa ya mkononi. Anavua na pete. Anavitia vyote viwili ndani ya kiatu chake pale mlangoni, kisha anakwenda kunawa mikono kwa mara ya tatu tangu afike.

Anaporudi, anasimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa shuka jeupe. Juu ya meza kuna kitabu kilichokatika uzi. Kilinakiliwa kwa mkono yapata miaka mia nne iliyopita. Kina karatasi hamsini na nane, hakina namba hata moja ya ukurasa, na hadithi iliyomo haipatikani katika kitabu kingine chochote cha kale duniani.

"Mama, naomba milango ifungwe," anasema.

"Imefungwa."

"Na ule wa bustanini?"

"Kanae, mwanangu, hii ni mara ya nne unaniuliza. Nimeufunga, nimetia komeo, na nimeuwekea ndoo ya maji. Sasa unataka niukalie?"

Anayejibu hivyo ni Bi Okumura Chizuru, mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na mmoja, mwenye mikono ya mkulima na ulimi usio na breki. Nyumba yake iko Takashima, upande wa magharibi wa ziwa Biwa, chini kabisa ya milima. Nyuma ya nyumba kuna ghala la udongo lenye kuta nene, na ndani ya ghala mna masanduku mia tatu na arobaini ya vitabu na nyaraka za ukoo.

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya mwezi wa Novemba, mvua zikishakatika na hewa ikikauka, Bi Chizuru hutoa masanduku kwa zamu, akavianika vitabu kivulini ili unyevu na wadudu wasivimalize. Walifanya hivyo wakwe zake, na wakwe za wakwe zake. Msomi anayetaka kusoma kitu cha ghala hilo hana budi kusubiri wiki hiyo. Mvua ikinyesha, basi tena, mpaka mwakani.

Kanae amekuja kila mwaka kwa miaka ishirini na tisa. Ila leo hakuja kuanika tu.

Kazi yake ni fasihi ya kale ya Kijapani, zile hadithi na mashairi ya mabibi na mabwana wa ikulu ya zamani. Ukitaka kujua ugumu wake, mpe Mjapani yeyote wa leo ukurasa mmoja wa kitabu kile. Ataugeuza juu chini akitafuta pa kuanzia. Maandishi ni ya brashi, herufi zimeshikana mikono kuanzia juu hadi chini, na herufi moja inaweza kuandikwa kwa namna saba. Kanae huyasoma kama wewe unavyosoma bei sokoni.

"Watu wanadhani tunakaa tukitazama mwezi na kuguswa moyo," anasema akicheka. "Mimi nashinda nimeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Mgongo wangu ni wa bibi wa miaka themanini."

Na wala kazi hiyo haimtajirishi. Hana ajira ya kudumu. Anafundisha vipindi tisa kwa wiki katika vyuo vinne, kila kipindi kikimpa yeni elfu ishirini na nane kwa mwezi. Hupanda treni sita kila Jumanne, na tonge lake la wali hulila kwenye jukwaa la stesheni amesimama. Mara tano ameomba nafasi ya kudumu, na mara tano ameikosa.

"Kila kamati iliniuliza swali lilelile," anasema. "'Wewe ni mwanafunzi wa Profesa Ujiie. Mbona hujaandika hata makala moja juu ya hadithi iliyompa jina?' Nilitazama meza."

Jibu alikuwa nalo. Ila lilikuwa jibu asiloweza kulitoa mbele ya kamati.

*

Ilikuwa wiki kama hii, miaka ishirini na tisa iliyopita. Kanae alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi aliyechaguliwa kubeba taa na vifaa vya kamera. Mwalimu wake, Profesa Ujiie Tadaharu, alikuwa amebembeleza miaka sita ili aruhusiwe kupiga picha kitabu kile, hadithi iitwayo *Mianzi ya Jirani*. Mwenye nyumba wakati huo alikuwa baba mkwe wake Bi Chizuru, mzee ambaye akikohoa tu, hata paka wa jirani alinyamaza.

Mzee alikubali uzi ukatwe ili kila karatasi ipigwe picha peke yake. Sharti lake lilikuwa moja: karatasi zikiwa huru, mlango usifunguliwe. Kwa nini, kila mtu wa upande ule wa ziwa anajua. Upepo wa milima ile haubishi hodi. Hata treni husimamishwa ukivuma.

"Ilikuwa alasiri," Kanae anasimulia. "Mwenye nyumba alikuwa amejinyoosha kidogo. Mwalimu ametoka kwenda msalani. Mimi nimeipa meza mgongo, nafunga waya wa taa. Nikasikia sauti kama kundi la njiwa limeruka. Nageuka hivi, lo! Karatasi ziko bustanini."

Mlango wa bustani ulikuwa wazi upana wa kiganja. Hakujua umefunguka saa ngapi wala kwa nini. Alidhani ni yeye aliyepita na taa bila kuufunga sawasawa. Alirukia nje na soksi zake, akaokota moja chini ya msonobari, mbili kwenye mawe, nyingine ukingoni mwa dimbwi la samaki, inchi mbili tu kutoka majini. Alizihesabu. Kumi na moja. Hakuna iliyochanika wala iliyolowa.

"Lakini zilikuwa zimechanganyika. Nikajaribu kuzisoma nizipange. Macho hayaoni, na wakati ule nilikuwa nasoma maandishi yale kwa kukwamakwama. Nikasikia nyayo. Nikazirundika nilivyoweza, nikazirudisha katikati ya kitabu."

Profesa aliingia, akamtazama. "Vipi, kuna tatizo?"

"Chai iko tayari, Mwalimu," alijibu Kanae.

Maneno hayo matatu, anasema, ameyasikia kichwani mwake kila siku tangu siku hiyo.

Mwaka uliofuata Profesa Ujiie alitoa kitabu chake, na kilivuma. Kilivuma kwa sababu ya kurasa chache tu. Katika hadithi hiyo, mwanamke wa ikulu anakaa peke yake, akisikiliza mianzi ya jirani, huku mumewe yuko mbali kwenye jimbo alilopewa kulitawala. Siku moja mwanamke anaagiza nguo zake zitiwe rangi ya msiba. Anakata nywele, analia, anamaliza. Ndipo, karatasi kadhaa mbele, anakuja tarishi na habari kwamba mume amekufa.

Kilio kimetangulia habari! Profesa aliandika kwamba mwandishi yule alikusudia hivyo hasa, kwamba moyo wa mtu hupata habari kabla ya masikio. Wasomaji walilia. Walimu wa sekondari wakaanza kuifundisha. Jina la Ujiie likawa jina.

Kanae alikisoma kitabu hicho amesimama dukani, akarudi nyuma akasoma tena. Karatasi ya nguo za msiba na karatasi ya tarishi zote mbili zilikuwa miongoni mwa zile kumi na moja.

"Nikajiuliza, je, kama si mwandishi?" anasema. "Kama ni upepo?"

*

Tangu hapo akaishi na swali hilo. Hakumwambia mwalimu, wala mama yake, wala mwanamume aliyetaka kumwoa na mwishowe akachoka kusubiri. Kila mwaka alikuja Takashima na sanduku la peremende la heshima, akainama, akasaidia kuanika. Kila kitabu hicho kilipofika zamu yake kutoka ghalani, alikikagua mbele na nyuma. Lakini kilikuwa kimeshashonwa upya, na penye mshono ndipo palipokuwa na ushahidi. Kumwomba mzee akate uzi kulitaka sababu, na sababu yenyewe ndiyo aliyokuwa akiificha.

"Tena niseme ukweli wote," anaongeza, na sauti inashuka. "Sikutaka kujua. Mficha maradhi kilio humuumbua, nilijua. Lakini nilisema, bora kisinifikie leo."

Kilimfikia mwaka jana. Msomi mmoja kijana wa Tokyo aliandika makala kali akidai kwamba karatasi za *Mianzi ya Jirani* zimepinduliwa mpangilio, na kwamba sifa zote za Profesa Ujiie zimejengwa juu ya kitabu kilichoshonwa ovyo. Profesa, sasa mzee wa miaka themanini na minne, hakujibu hata neno. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha mchapishaji mmoja wa Kyoto akaamua kutoa toleo jipya la hadithi hiyo, na nani akabidhiwe kazi hiyo? Kanae. Mpangilio wa karatasi auamue yeye, kabla ya Desemba kwisha.

"Nikiufuata mpangilio wa mwalimu, huenda nachapisha uongo wangu mwenyewe. Nikiubadilisha, namzika mzee akiwa hai. Nilipungua kilo nne. Wanafunzi wakadhani nimeanza mazoezi."

Kisha mwezi wa Aprili simu ikalia. Alikuwa Bi Chizuru.

"Kanae, kitabu chako kimefumuka."

"Kitabu gani, mama?"

"Kile unachokipapasa kila mwaka kama mgonjwa. Uzi umeoza, umekatika wenyewe. Ukija Novemba utanishonea, maana fundi wa mjini ananitajia bei ya ng'ombe."

Kanae anasema alikaa chini palepale, kwenye ngazi za chuo, wanafunzi wakimpita kushoto na kulia.

*

Ndiyo maana leo milango imefungwa na ndoo imewekwa.

Ushahidi anaoutafuta Kanae umeachwa na wadudu. Kitabu kikiwa kimefungwa, kijidudu kidogo huzaliwa humo na kuanza kula, akitoboa karatasi moja baada ya nyingine kama mtu anayechimba kisima. Tundu lake hupita karatasi zote mahali pamoja, likinenepa, likikonda, likipinda. Karatasi ikihamishwa, tundu lake halilingani tena na la jirani yake. Na wadudu wa kitabu hiki walikula zamani sana, kabla Kanae hajazaliwa, kabla hata babu yake Bi Chizuru hajazaliwa.

"Mdudu hajui kusoma," anasema Kanae. "Kwa hiyo hana sababu ya kudanganya."

Anachukua karatasi ya kwanza kwa ncha za vidole. Hakuna kalamu ya wino chumbani humo, ni marufuku. Kuna penseli tu. Anaiwekea karatasi nyembamba inayoonyesha upande wa pili, na bila kuikandamiza anafuata kingo za kila tundu. Anaandika namba kwenye nakala yake. Anaweka kando. Anachukua ya pili.

Bi Chizuru amekaa pembeni anatonga matonge ya wali na anazungumza. Anazungumza juu ya nyani walioshuka mlimani wakala viazi vyake vyote, juu ya daktari aliyemkataza chumvi, juu ya jirani anayeimba asubuhi. Kanae anaitikia "ehe" na "kweli, mama" bila kuinua kichwa.

"Husikii hata neno ninalosema," anasema Bi Chizuru.

"Kweli, mama."

"Nimeolewa jana na nyani."

"Ehe."

Saa saba na nusu mchana nakala zote hamsini na nane ziko tayari. Kanae hajagusa tonge. Anakwenda dirishani, anaanza kuzipanga juu ya kioo mbilimbili, mwanga ukipita nyuma yake. Ya kwanza na ya pili: sawa. Ya pili na ya tatu: sawa. Anakwenda pole pole hadi ya thelathini. Hapo anasimama. Zile kumi na moja ni kuanzia thelathini na moja hadi arobaini na moja.

"Mbona umegota?" anauliza Bi Chizuru.

Kanae anabandika ya thelathini na moja juu ya ya thelathini. Kwenye mshono kuna tundu lenye umbo la haragwe. Linalingana. Thelathini na mbili: haragwe limekonda, mahali palepale. Thelathini na tatu. Thelathini na nne: tundu linaanza kugawanyika. Thelathini na tano: yamekuwa mawili. Hiyo ndiyo karatasi ya nguo za msiba. Thelathini na sita, saba, nane, matundu mawili yanaachana taratibu. Thelathini na tisa, tarishi anafika. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili, ambayo haikupeperuka.

Yanalingana yote.

Anarudia kuanzia mwanzo. Anazibadilisha kusudi, tarishi mbele, msiba nyuma, na matundu yanakataa katakata. Anazirudisha. Yanakubali.

Basi ni mwandishi. Mwanamke yule alilia kabla ya habari, na wadudu wa miaka mia tatu wanashuhudia. Mwalimu hakukosea. Upepo haukufanya kitu.

Kanae anateleza hadi chini, mgongo ukutani, anacheka huku machozi yanamchuruzika hadi shingoni.

"Mungu wangu," anasema Bi Chizuru akiacha wali. "Umepata au umekosa? Niambie nijue nilie au nicheke."

"Nimepata, mama. Nimepata."

"Basi kula!"

Anakula matonge manne. Kwenye la tano anaacha kutafuna. Karatasi kumi na moja, zilizookotwa chini ya msonobari na kwenye mawe, zikarundikwa haraka na msichana asiyeweza kuzisoma vizuri. Haiwezekani zikae sawasawa zenyewe. Hata bahati ina mipaka yake.

Kuna mtu alizipanga upya.

*

Jumapili iliyofuata Kanae alibisha hodi nyumbani kwa Profesa Ujiie, kaskazini ya Kyoto. Mzee anaishi peke yake na redio. Alimkuta jikoni amevaa aproni ya marehemu mkewe, anamenya figili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Kaa."

Kanae hakukaa. Alipiga magoti, akaweka viganja sakafuni, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema yote bila kupumua: mlango, soksi, msonobari, chai iko tayari.

Redio ikasoma hali ya hewa.

"Inuka, Kanae," alisema mzee. "Magoti yangu yanauma kwa kukutazama."

"Mwalimu, ulijua?"

"Niligeuza karatasi nikakuta sindano ya msonobari katikati. Msonobari hauoti ndani ya vitabu. Wewe ulipokuwa unaosha vyombo na mke wa nyumba, nikazipanga kwa kufuata matundu. Ilinichukua nusu saa. Tarishi ulikuwa umemweka kichwa chini miguu juu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Hapo, anasema Kanae, aliona kitu ambacho hakupata kukiona. Mwalimu wake aligeukia figili na masikio yakamwiva.

"Kwa sababu mlango ule niliufungua mimi," alisema. "Taa zilikuwa zinaunguza. Nikasema acha nipate hewa kidogo tu. Kisha tumbo likanibana, nikatoka mbio, nikausahau wazi. Mzee Okumura angejua, chuo kizima kisingekanyaga tena ghala lile. Niliporudi nikakuona umesimama, soksi zimelowa matope, na unaniambia chai iko tayari. Nikajua umeshagundua ni mimi. Nikadhani unanisitiri."

"Nikusitiri?"

"Nikasema, msichana huyu ana adabu ya ajabu. Kila mwaka nikingoja uniseme, husemi. Nikazidi kuona haya."

"Adabu!" Kanae alijikuta amesimama, na sauti aliyoitoa hakuwahi kumtolea mwalimu maishani mwake. "Ulikuwa ni woga, Mwalimu! Woga mtupu! Miaka ishirini na tisa silali, najua nimekuharibia kazi!"

"Na mimi miaka ishirini na tisa sikutazami usoni, najua unajua!"

Wakatazamana. Mzee ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika sinki, na Kanae akamfuata, kwa hasira kwanza, kisha kwa kicheko chenyewe. Jirani aligonga ukuta.

Hata ukimya wa mzee juu ya ile makala ya Tokyo sasa ulieleweka. Matundu ya wadudu yangemnyamazisha kijana yule kwa siku moja, na Profesa aliyajua tangu mwanzo. Lakini angeyataja, watu wangemuuliza: ulikuwa unayatafutia nini, kama karatasi hazikupata kuchanganyika? Angelazimika kuutaja mlango. Na akiutaja mlango, alidhani, anamtaja na mwanafunzi wake aliyenyamaza kwa ajili yake. Akaona heri atukanwe.

"Sikujua kama alikuwa ananilinda," anasema Kanae. "Na yeye hakujua kama mimi nilidhani kosa ni langu. Wajinga wawili tumebanana mlango mmoja, kila mmoja anasema, pita wewe."

*

Lilibaki jambo moja. Mwenye kitabu hakuwa amejua.

Alhamisi walipanda treni pamoja, mzee na fimbo yake, Kanae na sanduku la peremende. Katikati ya safari treni ikasimama saa nzima kwa sababu ya upepo wa milimani. "Hata leo!" alisema Profesa, na abiria wote wakageuka.

Bi Chizuru aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho. Hakutabasamu. Alimimina chai, akaweka birika chini, akaenda kukagua komeo la mlango wa bustani, na Kanae akaanza kukusanya maneno ya kuaga. Kitabu ni cha ukoo wake, na ghala ni lake. Angesema tu "msirudi", yangekuwa yamekwisha, toleo jipya na yote.

"Baba mkwe wangu angewafukuza," alisema hatimaye. "Bila viatu."

"Angekuwa na haki," alijibu Profesa.

"Alikuwa na haki kila siku, mzee yule, ndiyo maana hakuwa na rafiki." Akamgeukia Kanae. "Na wewe! Kumbe ndiyo maana masanduku ya peremende yalikuwa yanazidi kunenepa kila mwaka! Mimi nilidhani unataka kukinunua kitabu. Nimekaa nakuchunga miaka yote hiyo kama mwizi!"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Ulikimbia na soksi ukaziokota zote kumi na moja. Mimi ningelikaa chini nikapiga mayowe." Akasukuma sahani mbele. "Ila mtaandika. Kila kitu, mlango na upepo na soksi. Nyumba hii haina haya kwa sababu ya upepo. Na kijana wa Tokyo aje aone matundu kwa macho yake, nitampikia."

Kanae anasema aliposikia hivyo alivuta pumzi ikaenda chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika tangu ana miaka ishirini na miwili. Usiku huo alilala saa kumi mfululizo, akachelewa kipindi cha asubuhi kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu, na hakuona aibu yoyote.

Lakini kabla ya hapo, mchana wa Alhamisi ileile, walikishona. Profesa alishikilia karatasi, maana ndiye mwenye vidole vizito. Bi Chizuru alitunga uzi wa hariri kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila miwani, akahakikisha kila mtu ameona. Kanae alishona, mishono minne, ule wa kwanza akiuvuta taratibu mno hata Bi Chizuru akamuuliza kama anashona kitabu au anamtoboa mtoto masikio.

Toleo jipya litatoka vuli ijayo, mpangilio ukiwa uleule. Mwishoni kutakuwa na michoro ya matundu yote na maelezo ya kurasa mbili juu ya alasiri ile ya upepo, yametiwa saini na watu wawili. Kanae ameshaanza pia kitabu chake mwenyewe juu ya *Mianzi ya Jirani*, kile ambacho kamati tano zilimuuliza. Nafasi ya sita imetangazwa, maombi yanafungwa mwezi wa Februari. Ataomba. "Wakiniuliza, safari hii sitatazama meza."

Kitabu kilipokwisha kushonwa, Bi Chizuru alikishika mikononi kabla ya kukirudisha kwenye sanduku lake.

"Miaka hamsini nakianika," alisema, "na sijui kusoma hata mstari. Hebu niambie, Kanae, wewe uliyekisoma mara zote hizo. Ni hadithi nzuri?"

Kanae alipitisha kidole juu ya mshono mpya.

"Mama, sijui," alisema. "Nimeisoma mara mia nikitafuta kosa langu. Mwakani nakuja kuisoma."